Nani Aanze Kusema

Kwa fundi wa nguo, mkasi wa kitambaa ni kama mswaki: hauazimwi. Mdogo wake Mama Futi aliyajua hayo tangu utotoni, na bado asubuhi moja akauchukua mkasi wa dada yake akakatia boksi la karatasi. Mama Futi, aliyepewa jina hilo kwa kuwa futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata siku za mapumziko, alimtolea uvivu palepale mbele ya bibi harusi na wapambe wake. Alisema mengi, na mengine hayakuhusu mkasi kabisa.

Wakanuniana. Mkubwa alikaa chumba cha mbele akipima wateja, mdogo akashona chumba cha nyuma, na katikati likaning'inia pazia. Vipimo sasa vikawa vinapelekwa na wateja wenyewe kwa mdomo, na hapo ndipo duka lilipoingia matatani. Kuna mama mmoja aliyejaliwa mwili alitoka mbele na kiuno chake halali, akafika nyuma na kiuno cha binti yake. Siku ya kujaribu gauni, zipu iligoma katikati ya mgongo, na mama wa watu akafoka kana kwamba yeye hahusiki.

Kisha ikaja habari mbaya zaidi: mdogo mtu amepata chumba mtaa wa pili, na mwisho wa mwezi anahamisha cherehani yake. Mama Futi alisema heri aende. Halafu akampima mtoto wa shule mguu mmoja tu wa suruali, akamruhusu aende zake. Hakuna mtu aliyempenda kama huyo mdogo wake, aliyemlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki, na wazo la kuisikia cherehani yake ikilia nyumba nyingine lilimkata maini.

Kuomba radhi kwa mdomo aliona ni kujishusha. Lakini Jumamosi alikuwa akihudhuria darasa la kompyuta, na huko walikuwa wamefika kwenye soketi, yaani njia ya kupitisha maneno kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Akakata shauri aandike programu kwa Python, lugha ya kompyuta waliyofundishwa, yenye dirisha dogo na kitufe cha kutuma. Vipimo vitaenda nyuma bila kupunguzwa njiani, na pengine siku moja na neno la kheri litafuata. Mdogo alipopelekewa habari alijibu, kupitia kwa mteja, kwamba hana neno, kompyuta ya nyuma ipo.

Programu iliganda. Madirisha yote mawili yalifunguka, yakawa meupe pe, na kitufe kikakataa kubonyezwa. Mama Futi alibadilisha waya, akabadilisha namba za mtandao, akazima na kuwasha mpaka vidole vikachoka. Akaongeza mstari wa kuandika "Nimefika hapa" ili ajue inapokwama. Pande zote mbili ziliandika "Nimefika hapa", zikanyamaza. Maji yalipozidi unga, akampigia simu mwalimu wake, kijana mpole asiyependa kelele.

"Upande wako unafanya nini?" mwalimu aliuliza.

"Unasubiri ujumbe."

"Na wa pili?"

"Niliunakili huohuo. Nao unasubiri."

"Sasa nani ataanza kusema?"

"Yeye. Mimi ndiye mkubwa."

"Mama, nauliza kuhusu programu."

"Na mimi nakujibu kuhusu programu. Mdogo ndiye huanza kusalimia."

Mwalimu akamweleza taratibu kwamba kompyuta hazina mkubwa wala mdogo. Zote mbili zikisubiri, zitasubiri mpaka umeme ukatike. Moja ianze, yoyote ile. Mama Futi alimshukuru kwa sauti ya mtu asiyeshukuru, akakata simu, akaikodolea macho mistari yake. Ilimuuma kuona ujinga wake umeandikwa vizuri namna ile, kila mstari mahali pake.

Akapandisha mstari wa kutuma juu ya ule wa kusubiri. Ndani yake alianza kuandika kipimo cha kiuno, akakifuta. Akaandika maneno mengine upesi, kabla kiburi hakijaamka, akawasha programu.

Chumba cha nyuma, cherehani ilinyamaza. Pazia likasogea, na mdogo wake akasimama mlangoni na uzi begani.

"Dada, hii yangu imewaka kidogo ikawa nyeupe tena. Umeandika nini?"

Ujumbe ulikuwa umefika, ila dirisha la kule lilirudi kusubiri kabla ya kuuonyesha. Mama Futi alitazama kiwambo chake, akatazama futi yake, akakosa pa kujificha.

"Nimeandika nisamehe. Usihame."

Machozi yalimlengalenga mdogo mtu, lakini mdomo ulikuwa bado umenuna.

"Kusikia nimesikia," alisema. "Nataka kuisoma. Itengeneze kwanza ionekane, ndipo nikujibu."

"Itachukua muda," alisema Mama Futi, ambaye alijua fika ni mistari mitatu tu. "Huenda ikafika hata mwakani."

"Basi nitasubiri hapahapa," mdogo wake alijibu, akarudi kushona.