Tangawizi ya Mchangani

Kila nivunjapo tangawizi mbichi, harufu yake hunirudisha Uvira, wakati wa uasi. Soko lilikuwa limefungwa, na mama alikuwa amezika tangawizi yetu katika chungu cha mchanga wenye unyevu ili isinyauke.

Mama akiwa shambani, jirani yetu alibisha hodi, mtoto wake akikohoa mgongoni.

"Mama yako iko?"

"Hayuko."

"Tangawizi iko? Hata kipande kidogo, mutoto halali."

Niliogopa itatuishia. Nikaficha nyuma mikono iliyojaa mchanga.

"Haiko, Mama. Imeisha."

"Aksanti, mwana wangu."

Kesho yake walivuka ziwa kwa mtumbwi, wakakimbilia Bujumbura. Mama aliposikia kwamba wameondoka, na mtoto anakohoa, alisikitika.

"Kama angepita hapa, ningemupa tangawizi yote."

Nikaendelea kufagia uwanja. Mpaka mama anakufa, sikumwambia.