Gari Lililokataa Kulala

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana moja ya Kitale, msimamizi alinikabidhi taa ya kupimia, yaani balbu ndogo yenye waya na ncha ya chuma. Akaniambia nitafute mahali umeme unapokatika kwenye lori la mahindi ambalo indiketa zake haziwaki. Nilipoupata waya uliokatika, hakunisifu. Aliniuliza nimejuaje kwamba hakuna mwingine. Nikarudi chini ya lori.

Magari ya wakati huo yalikuwa wazi: swichi, fyuzi, na waya unaoweza kuufuata kwa kidole. Kisha magari ya kompyuta yakaanza kuingia, nami nikahamishiwa tawi la Bungoma, chini ya mkuu wa kitengo cha umeme, Madam Zainabu. Alikuwa mzaliwa wa mtaa ulio nyuma ya msikiti, mwembamba, mpole wa sauti. Sijaona fundi mwingine aliyelichukulia gari bovu kwa heshima kama yeye. Hakuligusa kabla ya kuongea na anayeliendesha.

Kliniki moja ya binafsi upande wa Sirisia ilikuwa na gari la wagonjwa. Asubuhi moja mama aliyeshikwa na uchungu alihitaji kufikishwa Bungoma, gari likakataa kuwaka. Betri ilikuwa imekufa kabisa, ingawa ilikuwa mpya. Mama alipakiwa kwenye pikapu ya jirani, akajifungua salama, lakini kliniki nzima ilishtuka. Meneja akaamua kwamba dereva, Wekesa, aliacha taa zikiwaka usiku, akamwambia wazi kwamba likitokea tena atafute kazi kwingine. Likatokea tena.

Wakaja karakanani kwetu wote wawili, gari likivutwa. Meneja alitaka betri nyingine, na alitaka tumthibitishie kosa la dereva wake. Madam alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia Wekesa, aliyekuwa amesimama mbali kidogo, akamuuliza gari hufanya nini akishalifunga.

"Madam, mimi nazima taa, nafunga milango, naangalia tena," Wekesa alisema. "Lakini kuna kitu inalia tik tik chini ya dashibodi. Nilisema, nikaambiwa ati ni panya."

Madam akanitazama. "Barasa, lete mita. Huyu ametuonyesha pa kuanzia."

Gari la siku hizi likifungwa halizimi mara moja. Kompyuta zake hulala moja moja, na umeme unaotoka kwenye betri hushuka hadi kiasi kidogo sana. Tulichaji betri, tukaunganisha mita kwenye waya wa hasi, tukashusha kioo ili mkono ufikie fyuzi bila kufungua mlango, maana mlango ukifunguliwa gari linaamka. Tukangoja. Namba ikashuka, nikadhani tumekosa. Halafu ikapanda, na mle ndani tukasikia: tik, tik. Meneja naye aliinama akasikia.

Madam alichomoa fyuzi moja baada ya nyingine. Ilipotoka ya BCM, namba ikaanguka. BCM ni kisanduku cha kompyuta kinachoongoza taa, honi, waipa, vioo na kufuli za milango. Nikasema basi tuagize kingine.

"Bado," alisema. "Pengine kuna kitu kinakiamsha. Mlango ukikidanganya kwamba uko wazi, kosa si lake."

Akatumia skana, ile mashine ya kusoma kompyuta za gari. Milango yote ilionekana imefungwa, swichi zote zimezimwa. Tukapima umeme unaoingia na waya wa hasi, vyote vizuri. Tukachomoa nyaya za vitu kinavyoviongoza, kimoja kimoja. Kisanduku kikaendelea kunywa betri peke yake. Ndipo akakifungua, akatuonyesha kutu ya kijani kwenye bodi yake. Maji yalikuwa yameingia. Hata hapo hakutulia hadi tulipopata njia ya maji hayo, kwenye mpira wa kioo cha mbele.

Kisanduku kipya kilipofika, tuliziba kwanza pale palipovuja, kisha tukakifundisha kwa skana namba ya gari na funguo zake, maana bila hivyo hakilitambui gari. Tukaunganisha mita tena. Namba ikashuka, ikabaki chini.

Meneja alikuja mwenyewe kulichukua. Alimwita Wekesa mbele yetu sote. "Nilikulaumu bure," alimwambia. "Nisamehe. Kazi ni yako."

Wekesa alishukuru, akaingia ndani ya gari, akakaa na mikono kwenye usukani bila kuliwasha. Madam akatuashiria tumwache kwanza.

Madam alistaafu kabla yangu, nami nikashika nafasi yake hadi zamu yangu ya kustaafu ilipofika. Sasa ninakaa Matulo, ninalima kidogo. Vijana walioko karakanani sasa wana skana bora kuliko zetu, na wengi wao ni hodari kweli. Siku ya kuniaga walinisifu sana, nikawaambia kwamba niliyemwona akiifanya kazi hii vizuri kuliko sisi sote bado yupo mjini, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumsalimia.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, walimwendea nyumbani kwake wakiwa wamevaa ovaroli zao. Nilikuwepo. Walitarajia kusikia habari za zamani, lakini Madam alitaka kujua magari mapya yanaugua nini. Aliwauliza maswali hadi chai ikapoa, kisha akamwomba binti yake aipashe moto tena.