Boila ya Bi Roswitha

Jirani yangu Bi Roswitha Kettler ana miaka sabini na sita, na ukitaka mgombane mwambie apumzike. Miaka thelathini aliunganisha nyaya kwenye mitambo ya simu, na mikono yake haijawahi kustaafu.

Januari ile, kampuni iliyotengeneza kidhibiti cha boila yake, mtambo unaopasha nyumba joto, ilizima kompyuta kuu zilizokuwa zikikiongoza kupitia mtandao. Kidhibiti kikawa bubu ukutani, nyumba ikapoa. Barua ya kampuni ikasema anunue kipya.

"Kizima kabisa, eti nikitupe!" alinifokea, kana kwamba barua niliiandika mimi.

Mwanawe Carsten alikuwa akiisubiri nafasi hiyo. Alishamtafutia chumba kwenye nyumba ya wazee. Akapiga simu: "Mama, Jumapili nakuja. Nikikuta baridi, unahama. Sitaki ubishi."

"Njoo na njaa," akajibu, akamkatia.

Bi Roswitha akafungua kidhibiti, akalehemu nyaya nne, akaziunganisha na kompyuta ndogo kama kiberiti, akatia programu ya bure waliyoiandika watu asiowajua. Ijumaa boila ikatii amri ya kompyuta. Nilipiga makofi peke yangu jikoni kwake.

Jumamosi asubuhi akafanya kinachofanywa na kila nyumba ya hapa kwetu milima ya Harz, Ujerumani, hata theluji ikianguka: akafungua madirisha yote dakika kumi, hewa ibadilike. Kipima joto kikaona baridi. Boila ikanguruma, ikaanza kupasha joto mtaa mzima.

"Basi usifungue," nikasema.

Alinitazama kama mtu aliyetukaniwa mama. "Nivute hewa ya jana kwa sababu ya mashine? Mashine ndiyo ijifunze!"

Akabandika vitambuzi vya sumaku kwenye kila dirisha. Dirisha likiwa wazi, boila inazimika, likifungwa, inawaka. Alimaliza usiku, hajala.

Jumapili Carsten akaingia na fomu ya nyumba ya wazee mkononi. Nyumba ilikuwa na joto la kuvua sweta. Akanusanusa, kisha mkono wake ukaenda dirishani kwa mazoea.

"Hewa nzito humu." Akalifungua wazi. Boila ikanyamaza.

"Umesikia? Imekufa! Si nilisema?" Akaweka fomu mezani, pembeni ya keki ya matufaha. "Tia sahihi, Mama."

"Funga dirisha."

"Mama, jamani..."

"Carsten. Funga dirisha."

Akafunga. Boila ikawaka. Akafungua tena, ikazimika. Akafunga, ikawaka, na masikio yake yakawa mekundu. Mimi nilijifanya naangalia kahawa, lakini nilifurahi mno.

Bi Roswitha akakata kipande kikubwa cha keki, akakiweka juu ya fomu, pale pale pa sahihi, akamsogezea.

"Wewe na boila nimewafundisha mimi mambo ya dirisha," akasema. "Mwenzio imemchukua siku moja tu kujua hapa ni kwa nani."