Pini ya Ekseli ya Mbele

Mama mkwe wangu wanamwita Mama Grisi, na ukimpa mkono utajua sababu. Hata akinawa mara tatu, mistari ya viganja vyake inabaki myeusi. Amefanya kazi chini ya mji huu miaka arobaini na mmoja. Juu kuna ghorofa tisa, soko, shule na watu elfu tatu. Chini kuna magurudumu sitini na manne, na mlio wa kila moja anaujua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe.

Lakini hakuzaliwa humu. Kwao kulikuwa mji mdogo wa ghorofa nne, uliokuwa ukijikokota kutoka kisima hadi kisima. Siku hizo, kama sasa, hakukuwa na mji uliokaa mahali pamoja. Ardhi ilishaharibika tangu enzi za mababu, maji safi yalihamahama, na waliojitengenezea magurudumu ndio waliopona. Kisha chuma kikaadimika, na miji mikubwa ikaanza kuila midogo. Kuila kwelikweli: kuikimbiza, kuikamata kwa taya za chuma na kuibomoa vipande vipande.

Siku mji wao ulipokamatwa alikuwa na miaka kumi na tisa, yuko juu ya paa anaanika nguo. Aliona vumbi, halafu taya. Kaka yake alikuwa mtu wa breki. Taya zilipouma ubavuni mji ukaanza kulala upande, na yule kaka akashuka mbio kufungua breki ili magurudumu yazunguke mji usipinduke. Akazifungua. Mji ukasimama wima, watu wakapona. Yeye hakupanda tena.

Waliokamatwa waligawiwa kazi. Mama mkwe akapewa ndoo ya grisi.

"Nilikula kiapo siku ileile," aliniambia mwaka nilioolewa, tukiwa tunamenya viazi. "Nikasema, yule mshika usukani wa mji huu, aliyeamuru tuliwe, nitamuua kwa mkono wangu. Kisu usikishike hivyo, utajikata kidole."

Alingoja miaka sita. Alijifunza kila boriti na kila nati. Akagundua kwamba ekseli ya mbele, ile inayougeuza mji, imeshikiliwa na pini moja ndefu kama mkono wa mtu. Ukiichomoa, usukani unafungika na mji hauendi popote. Na kuirudisha, lazima boriti iinuliwe kwa jeki, mtu atambae chini yake na kulinganisha matundu kwa mikono. Mwenye wenzo wa jeki ndiye mwenye roho ya yule aliye chini. Mama mkwe akaliweka hilo moyoni, akaendelea kupaka grisi.

Katikati ya hayo yote akatokea fundi wa kuchomelea, mtu wa utani. "Dada," alimwambia siku moja, "kwa unavyoyabembeleza haya magurudumu, hata mimi nimeanza kuyaonea wivu." Mama mkwe akampa kisogo. Wiki iliyofuata akacheka. Baada ya miezi mitatu walikuwa wakila sahani moja, ila ile habari ya pini hakumwambia.

Mwaka wa sita, asubuhi moja, wao wenyewe wakawindwa. Mji wa ghorofa kumi na nne ulitokea upande wa jua, moshi mweusi, taya wazi. Mshika usukani akaendesha kufa na kupona, lakini yule mkubwa alikuwa akikaribia tu.

Mama mkwe alikuwa akisikiliza magurudumu. Yale ya kushoto yalikuwa yameanza kulia kwa mlio mzito, wa kunyonya, na matope aliyokuwa akiyakwangua yalikuwa meupe, ya chumvi. Akajua kushoto kuna kinamasi chini ya ganda kavu. Akalikamata bomba la kusemea linalokwenda hadi chumba cha usukani.

"Pinda kushoto!"

"Nani huyo?" sauti ikauliza.

"Mtu wa grisi. Pinda kushoto, pita juu ya ganda jeupe, usipunguze mwendo. Sisi ni wepesi, litatubeba. Yule halitambeba."

Kisha mji ukapinda. Ganda likapasuka nyuma yao kama mkate mkavu, wakavuka. Yule wa ghorofa kumi na nne akaingia kwa kasi yake yote, akazama hadi ekseli. Juu, watu wakapiga vigelegele.

Na hapo ikalia honi ndefu, honi ya kuwinda. Mshika usukani alikuwa anageuza mji ili arudi kumla aliyenasa.

"Nilisikia watu wa ule mji wakipiga kelele," mama mkwe aliniambia. "Wanawake. Nikajiona mimi niko juu ya paa na nguo mkononi."

Akapiga moyo konde, akachukua nyundo, akaichomoa pini. Mji ukatetemeka na kusimama. Akarudi kwenye bomba.

"Pini ninayo mimi. Ukiitaka, njoo uirudishe mwenyewe. Peke yako."

Alikuja. Miaka yote hiyo mama mkwe alikuwa akimwaza kama jitu. Akashuka mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya na viatu vilivyotoboka. Hakuuliza maswali. Akachukua pini, akatambaa chini ya boriti iliyoinuliwa kwa jeki, akaanza kutafuta matundu kwa vidole. Mkono wa mama mkwe ulikuwa kwenye wenzo.

"Unanijua mimi?" akamuuliza.

"Sikujui, binti yangu."

"Mimi wa ule mji wa ghorofa nne. Kaka yangu alikuwa mtu wa breki."

Vidole vikasimama. Mzee aligeuza shingo, akaona ule mkono ulipo, akaelewa.

"Nilimwona," akasema taratibu. "Aliniangalia usoni, halafu akashuka. Nimeshaendesha mji huu miaka ishirini, sijaona mtu mwingine wa namna ile. Kama umekuja kwa ajili yake, mimi sina la kujitetea."

Ilibaki mama mkwe aukandamize wenzo tu. Lakini akili yake, anasema, ilikuwa inafanya kazi ya fundi: huyu akifa, kesho atakaa mwingine kwenye kiti, na honi italia tena. Maiti humtumi kazi. Huyu aliye hai, na mwenye deni la roho, anatumika.

"Linganisha matundu," akamwambia. "Haya. Gonga. Sasa nisikilize. Honi ile usiipige tena. Hatuli mji wa mtu. Siku utakapouelekeza mji kwa wanyonge, mimi nipo huku chini na nyundo yangu, na siku hiyo pini nitaichomoa na sitakuita."

"Watu watakula nini?"

"Tuna mafundi wengi humu kuliko mji wowote. Miji yote inavunjika magurudumu. Tutatengeneza, watatulipa mafuta na chakula. Anza na yule pale kwenye matope."

Mzee akatambaa nje, magoti yote matope. "Yule alitaka kutumeza saa moja iliyopita!"

"Ndiyo maana atalipa vizuri."

Anasema mzee alicheka, na yeye mwenyewe akajikuta analia, wakakaa hivyo kila mmoja na lake. Siku nne wakauvuta ule mji kwa minyororo, na baba mkwe, yule fundi wa utani, akachomelea ekseli zake mbili. Haukuwahi kuwakimbiza tena.

Yule mzee alishika usukani miaka kumi na mmoja zaidi, na honi haikulia hata mara moja. Kila alipotaka kupinda mahali pagumu alipiga bomba kuuliza chini. Hawakuwa marafiki. Alipofariki kitandani kwake, mama mkwe alikwenda mazikoni na nguo zake za kazi, akasimama nyuma. Nilimuuliza alijisikiaje. "Miguu iliniuma," akasema. Halafu baadaye: "Kiapo nilikitimiza. Ila si kwa namna niliyokuwa nimekipangia."

Siku hizi ameacha kazi, angalau kwa maneno. Chumba chake kiko ghorofa ya kwanza, amekataa katakata kuhamia juu. Anasema huko hasikii kitu. Wiki iliyopita mji mdogo ulikuja na gurudumu limepasuka, tukamshusha na kiti chake, tukamweka kivulini aangalie tu. Haikupita nusu saa. Alikuwa amesimama, amekunja mikono, anamwambia fundi mkuu, mwanaume mwenye wajukuu, kwamba hivyo anavyopaka grisi ni kama anapaka mtoto mafuta, aongeze, asiogope, na watu wa ule mji mdogo wanacheka hadi wanashika mbavu, na nguo zao zinapepea kwenye kamba juu ya paa.