Keki za Katikati ya Desemba

Mimi nakata mikate. Bozena Wilk anaandika majina juu ya keki. Tumesimama bega kwa bega miaka kumi na tisa katika duka lile lile la vyakula, mji ule ule wa jimbo la New Jersey, na katika miaka yote hiyo sijamwona akikosea jina la mtoto wa mtu hata mara moja. Mimi nikiandika juu ya keki utadhani kuku amepita. Ndiyo maana wamenipa kisu.

Kwa mwaka mzima kazi yake ni ya kawaida: siku za kuzaliwa, harusi, wazee wa zimamoto wanaostaafu. Lakini ikifika katikati ya Desemba mji wetu unashikwa na wazimu. Hapo ndipo vile vyuo vikuu vya kugombaniwa, vinavyochukua watoto sita au saba katika kila mia, vinapotoa majibu kwa walioomba mapema. Kuomba mapema ni kama posa. Unachagua chuo kimoja tu, unatia sahihi, mzazi anatia sahihi, mshauri wa shule anatia sahihi, kwamba wakikutaka utakwenda na kwingine kote utafuta maombi yako. Majibu yanatoka mtandaoni saa moja kamili jioni. Ikifika saa moja na dakika moja, zipo nyumba zinazopiga kelele na zipo zilizo kimya.

Sasa wazazi wa hapa hawana subira. Wanataka keki iwe mezani jioni hiyo hiyo, yenye rangi za chuo, wapige picha watume kwa shangazi. Kwa hiyo wanaagiza mapema, na Bozena amekariri rangi za vyuo vyote kama padri anavyokariri sala, yeye ambaye hajakanyaga darasa la chuo. Lakini ana sharti lake: anaoka, anapaka rangi, haandiki neno mpaka wapige simu baada ya saa moja. Asiyepiga simu hadi saa mbili, keki yake inakwanguliwa, inachorwa miti ya Krismasi, na kesho yake inauzwa. Nusu ya keki za Krismasi za mji huu zilikuwa za chuo kikuu jana yake, na watu wanakula tu.

Wapo pia wanaoahirishwa, wasiokubaliwa wala kukataliwa, wanaambiwa wangoje hadi machipuko. Mwaka juzi baba mmoja alipiga simu akauliza, huyu wa kwangu aandikiwe nini? Bozena akamwandikia “Bado”. Yule baba alicheka mpaka akarudi wiki ya pili kununua nyingine.

Mwaka huu mambo yalikuwa tofauti, kwa sababu binti yake Bozena mwenyewe aliomba. Kalina ana miaka kumi na saba na anapenda mawe. Ukimfulia suruali bila kupekua mifuko, mashine inalia kama imemeza misumari. Anataka kusoma mawe na milima, na akachagua Chuo cha Aldersey, kule kaskazini, ambacho mtoto kama yeye wakimchukua wanamsomesha bure mpaka amalize. Wasipomchukua, basi, atakuja kusimama nasi hapa, na mawe yatabaki mifukoni.

“Nimetia sahihi, Connie,” Bozena aliniambia siku moja tukinywa kahawa nyuma ya duka. “Wakimkubali, analala mwendo wa saa nne kutoka kwangu. Wakimkataa, analala chumba cha pili akilia. Hata sijui niombe lipi.”

“Omba akubaliwe, shoga. Kulia utalia wewe, umezoea.”

“Mjinga wewe.”

“Na keki yake utaitia rangi gani?”

“Sitii rangi yoyote. Sioki. Nikimwokea mwanangu kabla ya majibu nitakuwa nimemtia nuksi kwa mkono wangu mwenyewe.”

Sikumtania tena. Nilikuwepo mumewe alipoondoka na kumwachia mtoto wa miaka mitatu, na nilijua hamu aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa mno hata kuitaja kulimtisha.

Asubuhi ya siku ya majibu akaja Bi. Lockridge. Huyu ni mteja wetu wa miaka, mwanamke wa koti zuri na manukato yanayotangulia mlangoni. Mwanawe Prescott naye aliomba Aldersey. Keki ilikuwa tayari, ya kijani yenye ukingo wa rangi ya fedha, nyeupe katikati pa kuandikia.

“Niandikie sasa hivi, Bozena,” alisema. “‘Hongera Prescott.’ Mume wangu ataipitia jioni.”

“Huwa siandiki kabla ya majibu, Bi. Lockridge.”

“Najua, mpenzi, lakini sisi si wa kungoja. Baba yake kasoma Aldersey. Babu yake ana benchi kule, limechongwa jina lake kabisa.”

“Benchi halisomi maombi,” nikasema kutoka kwenye mikate. Bozena akanikanyaga mguu.

“Umesema nini, Connie?”

“Nasema mkate wa shayiri umetoka sasa hivi.”

“Bi. Lockridge,” Bozena akasema taratibu, “nikiandika jioni inanichukua dakika mbili tu. Mbili.”

“Na mimi nitakuwa na wageni ishirini sebuleni. Niandikie, tafadhali.”

Mteja ni mteja. Bozena akaandika, akapiga kidogo ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto, akaiingiza keki kwenye friji. Nami mchana kutwa nikawa natunga maneno ya kuja kumwambia yule mama endapo benchi lingemwangusha. Sioni haya kusema. Nilikuwa nayo matatu, na la tatu lilikuwa kali kweli.

Jioni theluji ikaanza. Kalina alikuwa amemwambia mama yake: nitafungua peke yangu, sitaki mtu anitazame usoni, na sitapiga simu maana simu ya keki haitapatikana, nitakuja kwa miguu. Kutoka kwao hadi dukani ni dakika kumi, kwa theluji kumi na tano.

Saa moja ikapiga na simu ikalia papo hapo.

“Andika! Andika!” baba mmoja alikuwa analia kwa furaha, hata mimi nilimsikia. “Andika hongera!”

“Jina la mtoto, bwana?”

Ikabidi amwulize mkewe. Furaha ilikuwa imemsahaulisha hata jina la mwanawe.

Akafuata mwingine, na mwingine. Mmoja alitaka iongezwe taji. Bibi mmoja alisema mjukuu ameahirishwa, je, keki ya bluu inakubali kuandikwa “Tunakupenda tu”? Inakubali, akasema Bozena, na akamwekea maua bila kuombwa. Kila mlango ulipofunguka tulinyanyua macho sote wawili. Saa moja na robo ikapita. Saa moja na dakika ishirini. Nilikuwa nimekata mkate mmoja mara mbili, na mtoto si wangu. Bozena aliendelea kuandika majina ya watoto wa wenzake, herufi zimenyooka kama zimepigwa rula.

Mlango ukafunguka, akaingia Bi. Lockridge. Koti ni lile lile zuri, ila chini alikuwa amevaa ndara za nyumbani, zimelowa theluji chapachapa.

“Unaweza kufuta?” alimwuliza Bozena.

“Naweza.”

“Wamemkataa. Hata kumwahirisha hawakumwahirisha.” Alishika ukingo wa kaunta. “Wageni nimewafukuza. Baba yake anaongea na simu na hakuna mtu upande wa pili. Nataka tu mtoto akishuka akute kitu mezani. Lakini kisiwe kijani, Bozena. Nakuomba.”

Yale maneno yangu matatu yaliyeyuka. Nilimtazama zile ndara, nikaona aibu, nikajishughulisha na makombo.

Bozena akaitoa keki, akaiweka mahali ambapo yule mama asingeona maandishi, akakwangua. “Anapenda nini, Prescott?”

“Chokoleti. Tangu ana miaka miwili.”

“Basi tumepona. Chokoleti inafunika kila kitu.”

Alikuwa anaipaka mlango ulipofunguka tena. Kalina alisimama karibu na ndizi, nyuma ya Bi. Lockridge, hana kofia, nywele zimejaa theluji. Alimtazama mama yake. Akatikisa kichwa juu chini, juu chini, machozi na meno vyote nje, akanyanyua mikono miwili hewani. Nilitaka kupiga yowe. Nilijiuma mdomo mpaka ukauma kweli.

Bozena alimwona. Nina hakika alimwona. Mkono wake haukusimama.

“Nisubiri pale, Kalina,” alisema, kama anamwambia mtu aliyekuja kununua maziwa. Kisha akamgeukia mteja wake. “Tuandike nini, Bi. Lockridge?”

Yule mama alifikiri. “Jina lake tu.”

Bozena akaandika Prescott kwa krimu nyeupe juu ya chokoleti, polepole, na nakuapia hajawahi kuandika vizuri kuliko vile. Bi. Lockridge akageuka, akamwona msichana.

“Huyu si binti yako? Naye yuko mwaka wa mwisho?”

“Ndiyo.”

“Naye kaomba?”

“Kaomba,” Bozena akasema, akifunga boksi kwa uzi. “Ishike kwa chini, barabara inateleza. Na mwambie Prescott pale katikati nimemwekea chokoleti nyingi.”

Bi. Lockridge alimtazama kidogo, akamtazama tena Kalina na ile theluji inayomtiririka, akaushika mkono wa Bozena pamoja na krimu yake yote, akaubana. Kisha akaenda zake.

Bozena akaosha mikono. Akaikausha kidole kimoja kimoja. Akapita mbele ya mwanawe, akafungua mlango wa friji kubwa ile ya kuingia mtu, akaingia, akajifungia.

Kalina alikuja kwangu uso umemshuka. “Anti Connie, hajaona? Au hajafurahi? Anajua kwamba sasa lazima niende?”

“Anajua. Ametia sahihi. Njoo hapa usikilize.”

Ule mlango ni wa chuma, unene wake vidole vinne, lakini sauti ilipenya. Huko ndani, katikati ya maziwa na mayai, mwanamke aliyeandika majina ya watoto wa mji mzima alikuwa anapiga kelele kwa nguvu zake zote: “Kalina Maria Wilk! Kalina Maria Wilk! Kalina Maria Wilk!”

Msichana akauvuta mlango kwa mikono miwili, akaingia, na kelele zikawa za watu wawili.

Bwana mmoja aliyekuwa anangoja mkate akashtuka. “Kuna nini humo?”

“Binti wa Bozena kapata Aldersey,” nikamwambia, kwa sauti ya kufika mpaka kule wanakouza samaki.