Mkono wa Kushoto wa Zadok Otuoma

Selina Masele alikuwa mfupi kuliko wote katika timu ya kikapu ya kiwanda cha nguo, na kwa miaka tisa hakuna aliyemnyang'anya mpira mara mbili katika mechi moja. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi, timu ilikufa siku hiyohiyo. Selina akaenda kuuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Alibaki na raba zake na mdomo wake, na watu waliujua zaidi mdomo.

Mwaka 1995 kiwanda kipya cha minofu ya sangara kikataka timu. Siku zile kila mwenye kiwanda alitaka timu kama alivyotaka geti la chuma. Ofisa utumishi, Venant Chenge, hakuwahi kugusa mpira wa kikapu, lakini alikuwa na futi ya seremala. Alisimama mlangoni akawapima waombaji kazi, warefu wakaandikwa.

"Dada Selina," alimwambia, "nimepata mtu kutoka Shirati, Zadok Otuoma. Karibu aguse ringi bila kuruka. Njoo umtazame, halafu utuandikie kwamba anafaa."

"Kama mmeshajua anafaa, mimi nije kutazama nini?"

"Mkurugenzi anataka neno la mtaalamu."

Alikwenda Jumamosi asubuhi, kanga kiunoni. Zadok akamwinamia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Dunda mpira mpaka kule, urudi."

Mpira uliruka hadi kifuani mwake, naye aliukodolea macho kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Selina akamwambia abadili mkono. Mpira ukampiga goti, ukaishia mtaroni.

"Ana uchovu wa safari," alisema Chenge.

"Mkono wa kulia haukusafiri?"

Selina akasimama mbele ya ringi. "Haya, nipite ukafunge."

Alijua Zadok atapita kulia, maana hakuwa na kwingine. Akamsubiri hukohuko, akauchukua mpira. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu Zadok aliinamisha kichwa, akaukumbatia mpira, akapiga hatua nne, akamwangusha Selina na kufunga. Chenge akapiga makofi.

"Huko si kupenya," alisema Selina akijikung'uta. "Huko ni kuhama na mpira."

"Samahani, mama," alisema Zadok.

"Kawaombe samahani waliokudanganya kwamba unajua."

Aliandika kwa kifupi: Mkono wa kulia anao nusu, wa kushoto hana. Apewe miezi sita ya kudunda mpira kabla ya kupewa jezi. Akamsomea Zadok, akampa Chenge, naye akaitia karatasi mfukoni. Kwa mkurugenzi alisema mtaalamu ameridhika.

Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya timu ya walimu wa Igoma, wawili kati yao wakiwa na vitambi. Walimwacha Zadok adake mpira, kisha wakamngojea upande wa kulia. Mpaka mapumziko refa alikuwa amempigia filimbi mara saba kwa kutembea na mpira. Walimu walishinda 61 kwa 22. Mkurugenzi alipouliza, Chenge akasema kosa ni la mwanamke wa dagaa.

Habari zikafika Mwaloni. Selina akamwachia jirani dagaa wake, akaenda hadi getini wafanyakazi walipokuwa wakiingia.

"Bwana Chenge, toa karatasi yangu."

"Ilifuliwa na suruali."

"Alinisomea," alisema Zadok kutoka kwenye foleni. "Iliandikwa miezi sita."

Chenge aliendelea na cheo chake. Watu wa aina yake hawapunguzwi. Timu ndiyo iliyofutwa. Zadok alibaki na kazi yake ya chumba cha barafu, na kila Jumamosi alimfuata Selina uwanjani. Mwanamke yule hakumsifu hata siku moja. "Chini zaidi," alimwambia. "Unadunda mpira au unamlaza mtoto?"

Mwezi wa saba wa mazoezi hayo Zadok alimpita kushoto, macho yakiwa kwenye ringi.

"Sasa," alisema Selina, "walimu wanaweza kukuweka mchezaji wa akiba."

Zadok akaenda kuwaomba, nao wakampokea.