Mume wa Nesi na Ndege wa Kinamasi

Mtu aliyezaliwa Singida haizoei baridi ya Rungwe, hata akikaa huko miaka mingi. Kwetu baridi ni ya asubuhi. Jua likitoka, imekwisha. Kule, kuanzia mwezi wa sita, ukungu hushuka kutoka mlimani ukajaa migombani, na mvua nyembamba ikanyesha bila haraka, hadi nguo zilizoanikwa zinavaliwa zikiwa bado zina unyevu. Katika msimu wa namna hiyo ndipo nilipoanza kwenda kuangalia ndege.

Sikwenda kwa sababu nilipenda ndege. Nilikwenda kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Kabla ya hapo nilikuwa mtunza ghala katika shirika moja la mazao mjini Tukuyu. Ilikuwa ile miaka soko lilipofunguliwa, maduka yakajaa sabuni za kila rangi, na mashirika ya umma yakaanza kutafutiwa wenyewe. La kwetu nalo likapata mwenyewe. Asubuhi moja tulikusanywa uwanjani, yakasomwa majina ya wanaobaki. Nilisimama nikisikiliza hadi msomaji akakunja karatasi. Mwenzangu aliyesomwa alinishika bega, nami nikamwambia hongera, nikarudi ghalani kuchukua mwavuli wangu.

Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya shirika, kwa hiyo nayo ikaondoka. Mke wangu alikuwa nesi, akifanya kazi katika zahanati moja ya Kisiba, na alikuwa na nyumba ya mtumishi pale pale. Tukahamia huko. Yeye ni mwenyeji wa Suma, karibu tu na hapo. Kwa hiyo mimi, mwanaume mwenye watoto wawili, nikawa ninaishi katika nyumba ya mke, katika nchi ya wakwe.

Nyumba yenyewe ilikuwa kando ya njia ya zahanati. Kila mama aliyebeba mtoto mgonjwa alipita mlangoni.

"Baba, leo hukwenda kazini?" waliniuliza kwa heshima.

"Niko likizo," nilijibu.

Mke wangu alinisikia mara ya kwanza, akaingia ndani. Likizo ikarefuka. Wakaacha kuuliza, na hilo likawa baya zaidi, maana sasa waliniamkia huku wakitazama pembeni. Basi nikaanza kuvaa viatu vya kazi kila asubuhi na kuondoka. Nilipita katikati ya migomba kama mtu anayewahi gari, nikatokea upande wa chini wa ziwa.

Ziwa la Kisiba ni la shimo, kingo zake zimesimama. Lakini upande ule kulikuwa na bonde dogo lililotuamisha maji, limejaa matete na mafunjo, na watu wa misitu walikuwa wameweka kibao cha kukataza kulima wala kukata miti. Hapakuwa na mtu, ila wanawake wachache waliofuata matete ya kusukia mikeka. Nilikaa juu ya gogo, gunia la nailoni chini yangu, mwavuli juu.

Darubini niliipata katika mitumba ya Tukuyu, chini ya rundo la viatu vya mguu mmoja mmoja. Muuzaji alikuwa anatazama tai yangu. Tukabadilishana. Sikuwa na pa kuivalia tena.

Mwanzoni sikuona kitu. Kinamasi wakati wa baridi ni rangi moja, kijivu juu na kijivu chini, na mtu asiyezoea hudhani kimekufa. Inabidi ukae hadi miguu ife ganzi. Hapo tete moja linatikisika wakati mengine yametulia, na unajua kuna kitu. Wa kwanza kumfahamu alikuwa kibisi, ndege mdogo wa majini, mnene kama ngumi. Anazama bila kutoa sauti, nawe unabaki kukisia ataibukia wapi. Nilikisia vibaya kila mara. Kisha nikamjua mdiria, anayekaa juu ya unyasi akiinamia maji kama mtu aliyedondosha kitu. Nikajua yupo ndege mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani ya maji bila kuzama. Asubuhi moja ukungu ulifunguka kidogo nikawaona korongo wawili wenye taji la manyoya ya dhahabu. Walikuwa wakitembea taratibu, dume akiinama, jike akiinama. Kisha wakaanza kurukaruka, mabawa wazi, katika baridi ile. Nilishusha darubini nikatazama nyuma, kana kwamba nimechungulia chumba cha watu.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu. Alikuwa akikoroga uji, akasema, "Wanacheza hivyo hivyo tu, bila ngoma?" Nikasema ndiyo. Alicheka, na mimi nikacheka. Siku nyingi tulikuwa hatujacheka.

Sikujua kwamba wakati huo kijijini kulikuwa na maneno. Watu walikuwa wamesikia kwamba mwekezaji anataka bonde lile ajenge hoteli ya watalii, na kwamba wapimaji watakuja kimya kimya. Siwalaumu. Miaka ile kila kitu kilichokuwa cha wote kilikuwa kinauzwa, na mimi mwenyewe nilikuwa ushahidi. Wakata matete walimwona mwanaume asiye wa kabila lao, mwenye viatu vya ofisini, akielekeza chombo bondeni siku baada ya siku. Wakapeleka habari ofisini kijijini.

Walikuja mgambo wawili. Nilikuwa namsubiri kibisi aibuke.

"Simama," alisema mmoja. "Unapima nini?"

"Sipimi. Naangalia ndege."

"Ndege gani?"

Nilimwonyesha. Kibisi alikuwa bado chini ya maji. Pale nilipoonyesha palikuwa na duara za maji tu.

Mgambo alichukua darubini akaivaa shingoni mwake kama kidhibiti cha kesi. Tukapanda kijijini, mmoja mbele, mmoja nyuma, mimi katikati na gunia langu. Tulipita kanisani, kwaya ya akina mama ilikuwa ikifanya mazoezi. Wimbo ulikatika katikati ya ubeti. Nilisikia nyayo zao zikitufuata.

Mtendaji wa kijiji alikuwa kijana mpole aliyeletwa kutoka Tanga. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja, na watu waliziba dirisha.

"Mzee, nani anakulipa?" aliniuliza.

"Hakuna anayenilipa."

"Unakaa kwenye mvua kutwa nzima, hulipwi, na hao ndege huwali?"

"Siwali."

Alifungua daftari, akalifunga. Nadhani alitaka kunisaidia, ila hakupata pa kuanzia. "Nani anakujua hapa?"

Ikabidi aitwe mke wangu. Alikuja na gauni lake jeupe la kazi na mabuti ya mpira yenye tope, ananuka dawa. Nusu ya waliokuwa dirishani aliwazalisha yeye. Wakampisha.

"Nesi, unamfahamu huyu?"

"Ni mume wangu."

"Anafanya kazi gani?"

Nilitazama sakafu. Nilimwomba Mungu mke wangu aseme likizo. Neno lenyewe lilikuwa jepesi, ningeweza kumnong'oneza.

"Hana kazi," alisema. "Shirika lilipouzwa walimpunguza. Anaona aibu kukaa nyumbani mchana mnapopita, ndiyo maana anatoka. Anakwenda kuangalia ndege. Akirudi ananisimulia. Hilo tu."

Mtu mmoja alicheka nyuma, akanyamazishwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na ningeyavumilia. Yaliyofuata sikuwa nimejiandaa nayo. Mama mmoja mzee, aliyekuwa miongoni mwa walionishtaki, alisogea karibu na dirisha akasema, "Ndaga, tata." Tata ni baba, na ndaga ni neno la Kinyakyusa la kumpa mtu pole, hata msibani. Wengine wakalipokea, mmoja baada ya mwingine, ndaga, ndaga, kama wanaopita mbele ya mfiwa. Mgambo alivua darubini akanirudishia kwa mikono miwili.

Njiani nilimwambia mke wangu, "Ungesema niko likizo."

"Likizo gani isiyoisha, baba watoto?"

"Umenivua nguo mbele ya watu."

Alisimama. Mvua ilikuwa inamtiririka usoni. "Mimi pia nimeona aibu," alisema. "Siyo ya wewe kukosa kazi. Nimeona aibu kwamba watu wangu walidhani nimeolewa na mwizi wa ardhi, na wewe ungewaacha wadhani hivyo kuliko kusema ukweli." Akaenda mbele yangu hadi zahanati, kulikuwa na mgonjwa anamsubiri.

Baada ya hapo sikutoka tena. Nilikaa chumbani na pazia limeshushwa. Watoto waliporudi kutoka shule walitembea kwa ncha za vidole.

Siku moja, mchana, nikasikia kwato. Nilichungulia nikaona baba mkwe anakuja katikati ya ukungu, na mdogo wake, na vijana wawili wa ukoo. Walikuwa wanaswaga ng'ombe jike mweusi mwenye ndama. Majirani walikuwa wametoka milangoni.

Mtu wa kule hahitaji kuelezwa nilichokifikiria. Nilipooa nilitoa ng'ombe wa mahari. Ng'ombe wa mahari wakirudishwa, ndoa imekwisha. Wanaume wanamleta ng'ombe na kuondoka na binti yao. Nilivaa shati vibaya, kifungo cha juu katika tundu la chini, nikatoka kuwapokea. Mke wangu alikuwa kazini.

Waliketi. Niliwaamkia, wakaitikia. Baba mkwe alikuwa mtu wa maneno machache, na siku zote tuliheshimiana kwa mbali. Sikuwahi kukaa naye karibu hivyo. Alikausha mikono kwenye koti lake taratibu.

"Tumesikia," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Ng'ombe wako tuliwapokea vizuri. Wamezaa."

Nilishindwa kungoja amalize. "Baba, kama mmekuja kumchukua binti yenu, mimi sina la kusema. Naomba tu asubiriwe atoke kazini, asiitwe mbele ya wagonjwa."

Wazee wawili walitazamana. Mdogo wake alikohoa. Baba mkwe aliniangalia, na kwa mara ya kwanza nilimwona naye anaona aibu, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Nani amesema kumchukua?" aliuliza. "Huyu ni mjukuu wa ng'ombe uliowaleta wewe. Anatoa maziwa mengi. Tumesema akae kwako umkamue. Nyumba haiwezi kunuka dawa tu."

Niliinamisha kichwa, na hapo ndipo nilipokiona kile kifungo. Nilikuwa nimewadhania vibaya watu waliotembea kutoka Suma kwenye tope kwa ajili yangu, na nilikuwa nimeyasema mawazo yangu kwa sauti. Baba mkwe hakuligusa tena jambo hilo, siku ile wala nyingine yoyote. Alinionyesha chuchu iliyokuwa ngumu, akanieleza namna ya kuipaka samli, wakala ndizi, wakaondoka kabla ya giza.

Nikajifunza kukamua. Maziwa nilipeleka kwa walimu na kwenye hoteli ya chai barabarani. Ng'ombe alifungwa zizini, kwa hiyo nilikwenda bondeni kila siku kumkatia majani nje ya eneo la kile kibao, na nikishamaliza mzigo nilikaa kidogo na darubini. Sasa nilikuwa na mundu mkononi, hakuna aliyeuliza.

Lakini jina lilikuwa limeshanikaa. Waliniita Bwana Ndege, wakubwa kwa wadogo, bila ubaya. Nilipolisikia masikio yalipata moto, kila mara, na bado yanapata. Msimu wa baridi uliofuata nilikuwa napita na kopo la maziwa, mama mmoja akanisimamisha penye watu wengi.

"Bwana Ndege, mwewe wako amechukua vifaranga vyangu viwili tangu juzi. Mwambie."

Watu walicheka, naye akacheka. Mimi nilitua kopo chini, nikajikuta ninamwomba radhi.